Mwalimu Naye Huchoka: Likizo Moja ya Juni Huko Mtawanya

Kila mwaka, wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huniletea maswali mengi. Wapo wanaouliza juu ya azimio la kazi, wapo wanaouliza namna ya kupata zana katika shule isiyo na fedha, na wengi zaidi huuliza juu ya nidhamu ya darasa. Katika miaka yangu ya ukufunzi ni mwanachuo mmoja tu aliyewahi kuniuliza: “Mwalimu, mtu akichoka afanye nini?” Wenzake walicheka, nami nikamjibu kwa mkato kwamba mwalimu mzuri hachoki. Jibu lile lilikuwa la uongo, na nilijua kuwa ni la uongo wakati nilipolitoa. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Darasa la watoto 137

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha Darasa la Kwanza katika shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Huo ndio mwaka ambao elimu bila ada ilianza kutekelezwa nchini, kufuatia waraka wa Serikali uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2015. Wazazi waliokuwa wamewaweka watoto nyumbani kwa kukosa michango waliwaleta kwa pamoja, na hapana shaka ilikuwa furaha kuwaona watoto wale wakipanga mstari asubuhi ya kwanza. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Katika chumba changu waliingia watoto 137. Waliopata madawati walikaa wanne wanne, na waliosalia walikaa sakafuni hadi miguuni mwa ubao, hata ikawa ninapogeuka kuandika yanipasa kutazama nisikanyage vidole vya mtu.

Nilianza kwa ari. Maandalio niliyaandika usiku, kadi za silabi nilizikata kutoka katika maboksi ya sabuni, na madaftari niliyabeba nyumbani ndani ya kiroba. Kila jioni, baada ya kupika na kuwalaza wanangu wawili, nilikuwa nikisahihisha hadi macho yanaanza kuona mistari miwili mahali penye mmoja. Nilidhani kwamba huo ndio wito. Maadamu watoto wamekuja, nilijiambia, mwalimu hana haki ya kulalamika.

Kufikia mwezi Mei nilikuwa mtu mwingine. Sikuwa na homa wala maumivu ya kutaja mahali. Nililala, nikaamka nimechoka vile vile. Kengele ya asubuhi ilipolia, tumbo lilinikaza. Nyimbo za kuhesabu nilizozipenda zikawa kelele masikioni mwangu. Ndipo ikaja siku ninayotaka kuieleza bila kuificha, kwa kuwa bila hiyo makala hii haina maana.

Ilikuwa Alhamisi katika wiki ya mwisho ya Mei, kipindi cha kusoma. Mtoto mmoja wa kiume aliyeketi karibu na dirisha aliinamisha kichwa akasinzia. Nilimwendea, nikapiga rula juu ya dawati kando ya sikio lake, nikasema kwa sauti ya juu: “Wewe! Mjinga mkubwa wewe, umekuja kulala?” Darasa zima likacheka. Mtoto hakulia. Alinitazama tu, akakaa wima, na hakusinzia tena siku ile. Wakati ule niliona kwamba nimefanikiwa kurudisha nidhamu.

Juma lililofuata nilikaa kujaza taarifa za maendeleo kwa wazazi. Nilipofika katikati ya orodha nilikumbuka yule mtoto wa dirishani, nikataka kuandika neno juu yake. Sikuweza. Kwa miezi mitano alikuwa amekaa mbele ya macho yangu, na katika majina 137 sikujua lake ni lipi. Nikayatazama niliyokuwa nimekwisha kuyaandika: kwa kila mtoto nilikuwa nimeandika maneno yale yale, “Maendeleo yake ni ya wastani.” Nikaendelea kuyaandika hadi jina la mwisho, kwani sikuwa na maneno mengine.

Uchovu huu ni upi?

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hali ile inafahamika katika taaluma. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliieleza kutokana na aliyoyaona kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa: walioanza kwa moto mkubwa ndio waliozimika. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wa Marekani walitoa kipimo cha kuitambua. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliiingiza katika orodha yake ya kimataifa. Halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na shinikizo la kazi la muda mrefu lisilodhibitiwa.

Dalili zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, na kuwaona watu unaowahudumia kama mzigo. Ya tatu ni kuona kwamba lolote ulifanyalo halileti matokeo. Ukizilinganisha na habari yangu, mwanachuo, utaona kwamba zote tatu nilikuwa nazo. Ya kwanza ilikuwa katika usingizi wangu, ya pili katika lile neno “wewe”, na ya tatu katika lile neno “wastani”. Lakini mwezi ule wa Juni sikuwa na elimu hiyo. Nilichojua ni kwamba shule imefungwa, na kwamba shangazi yangu ameniita Mtawanya.

Kiroba juu ya uchaga

Mtawanya ni kata katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, sehemu ambayo zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Rufiji. Nilipanda basi Mbagala pamoja na wanangu, tukapita Mkuranga, Jaribu na Bungu, hata tukashuka Kibiti. Kutoka hapo tukachukua pikipiki. Katika mizigo yangu kilikuwamo kile kiroba cha madaftari, kwani nilikuwa nimepanga kusahihisha yaliyosalia na kuandika azimio la muhula wa pili.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Na hiki kiroba ni cha unga?”

Nilimweleza kwamba ni madaftari ya watoto. Akakipima uzito kwa mkono mmoja, akaniuliza: “Haya madaftari yanakula?”

“Hayali kitu, shangazi.”

“Basi hayatakufa.” Akamwita kijana wa jirani, wakakipandisha juu ya uchaga, mahali ambapo mimi nisingeweza kukifikia bila ngazi.

Nisiseme kwamba nilipumzika tangu siku hiyo. Siku nne za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko siku za shule. Nililala mchana kutwa na kuamka na hasira. Nilijiona mvivu. Wanangu walipocheza uani niliwakemea kwa sauti ile ile ya darasani, hata shangazi akaniambia kwa upole kwamba nyumba yake haina wanafunzi. Mara kwa mara nilitazama juu ya uchaga. Nawaeleza haya ili msije mkadhani, siku yenu itakapofika, kwamba likizo imeshindwa kuwafaa. Mwili uliozoea kukimbia hausimami mara moja, huyumba kwanza.

Bondeni

Mwezi mtukufu wa Ramadhani ulikuwa umeanza mapema mwezi ule wa Juni, na bondeni mpunga ulikuwa unaiva. Msomaji asiyeijua Rufiji afahamu kwamba baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde na kuwaweka katika vijiji vya mahali palipoinuka. Watu walihama, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni. Kwa hiyo hadi leo familia nyingi huwa na nyumba kijijini na dungu shambani, na msimu wa mpunga ukifika huteremka kwenda kulinda. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi na paa la makuti au nyasi, ili mlinzi aone mbali na awe salama kutokana na wanyama. Usiku huja nguruwe pori. Mchana huja ndege.

Shangazi aliwaacha wanangu kwa jirani yake, akanichukua mimi na mjukuu wake wa Darasa la Tatu. Tuliondoka baada ya daku. Kazi niliyopewa ilikuwa kupiga debe na kupaza sauti ndege watuapo. Nilijitahidi kama nilivyojitahidi darasani. Jua lilipofika utosini bado nilikuwa nimesimama, koo limekauka kwa mfungo, nikipiga debe. Shangazi alikuwa amejilaza juu ya mkeka.

“Unamfukuza nani?” akaniuliza.

Nikatazama shambani. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

“Ndege huja alfajiri, na huja alasiri,” akasema. “Saa hizi za jua kali wamekaa vivulini. Wewe unawapigia kelele ndege ambao hawapo, na alasiri watakapokuja utakuwa umechoka, utawatazama tu. Lala.”

Nililala. Alasiri wingu la ndege lilipotua, nilikuwa nimeamka tayari, na sauti ilitoka bila kulazimishwa. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilicheka kwa nguvu, kwa kuwa yule mtoto alikuwa akirusha udongo kwa kombeo na kila mara akiukosa upande aliokusudia.

Siku nyingine shangazi alinionyesha sehemu ya shamba iliyokuwa chini zaidi, ambayo hulimwa baada ya maji kupungua. Kilimo hicho cha mahindi na kunde katika unyevu unaoachwa na mto wenyewe hukiita mlau. Alinieleza kwamba maji yakiwapo mtu hapandi kitu, kwani mbegu zitaoza. Husubiri maji yashuke na kuacha tope. Tope hilo ndilo mbolea ya Warufiji. Mtu wa mbali, akilitazama bonde wakati limefunikwa, atasema ardhi ile imekaa bure. Mwenyewe anajua kwamba inatengenezwa.

Lakini nisilipambe bonde kuliko lilivyo. Maji yale yale yakizidi huangamiza. Mnamo Aprili 2024 mafuriko yaliyaharibu mashamba na makazi mengi ya Rufiji na Kibiti. Wakulima wa huko wanaijua tofauti kati ya maji yanayorutubisha na maji yanayosomba. Sisi walimu nasi yatupasa kuijua tofauti kati ya kazi inayotujenga na kazi iliyovuka kingo zake.

Mtoto asiye na jina

Jioni moja, tukisubiri magharibi ili tufuturu, nilimwuliza yule mtoto habari za shule yake. Alisema anapenda hesabu.

“Na mwalimu wako anakuitaje?”

“Ananiita ‘wewe wa nyuma’, mama mdogo.”

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja jina lake, kisha akachukua tende. Mimi muhogo wa nazi ulinikwama kooni. Mwalimu yule sikumjua, wala sikuwa na haki ya kumlaumu. Huenda naye alikuwa na chumba kama changu. Niliyekuwa nikimsikia katika maneno ya mtoto yule ni mimi mwenyewe.

Usiku ule, kwa mwanga wa tochi, nilichukua karatasi nikajaribu kuandika majina ya watoto wa darasa langu kwa kumbukumbu, kila jina pamoja na sura yake. Nilifika 41, nikakwama. Watoto 96 walikuwa wamekaa nami tangu Januari nami sikuwa nao. Nililia, na nadhani kilio kile ndicho kilichokuwa mwanzo wa kupona, kwani mtu aliyeishiwa kabisa hana hata machozi kwa ajili ya mwingine.

Nilikaa bondeni hadi karibu na mwisho wa mfungo. Kiroba hakikushushwa ila siku ya kuondoka.

Niliyorudi nayo

Shule zilipofunguliwa mwezi Julai, watoto walikuwa bado ni 137. Likizo haijengi madarasa wala haiajiri walimu, na yeyote atakayewaambia kwamba mapumziko yanatosha mahali pa vyumba na walimu, msimkubalie. Hata hivyo mambo manne niliyabadili, na nayaeleza hapa kwa kuwa yanahusu ufundi wetu.

Kwanza, majina. Kila siku nilichagua watoto watano. Siku hiyo niliwaita kwa majina yao kamili, niliwasomesha mbele yangu, na niliandika sentensi moja juu ya kila mmoja katika daftari dogo. Kwa siku 28 za shule nilikuwa nimewamaliza wote, nikaanza upya.

Pili, kusahihisha. Niliacha kubeba madaftari yote kila siku. Niliwagawa watoto katika makundi matano, na kila siku nilisahihisha kwa makini kundi moja, yaani madaftari 27 au 28. Makundi mengine yalisahihishiana kwa kutazama majibu ubaoni, nami nikipita katikati yao. Makosa niliyoyaona katika madaftari hayo machache yalinifundisha zaidi kuliko alama za vema nilizokuwa nikizitia usingizini katika madaftari 137.

Tatu, mpangilio wa siku. Niliwaza juu ya ndege. Saa za asubuhi, ambapo watoto wako macho, niliziwekea kusoma na kuhesabu kwenye kudai fikra. Jua lilipokuwa kali tuliimba, tulichora, tulisimuliana hadithi. Hapo kwanza nilikuwa nikipigania umakini wakati ambapo umakini wenyewe haupo, na kuwaadhibu watoto kwa sababu ya saa.

Nne, mapumziko yangu mwenyewe. Niliweka siku moja katika juma ambayo kazi ya shule haikuingia nyumbani, na nilimweleza mwalimu mkuu na mume wangu ili wanisaidie kuitunza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Waliotunga sheria hawakuiweka kama zawadi kwa wavivu. Waliiweka kwa kuwa kazi yenyewe huharibika mtu asipopumzika.

Niseme pia kwamba ilipofika Oktoba nilichoka tena. Tofauti ni kwamba safari hii nilizitambua dalili mapema. Siku niliyojisikia nikimwita mtoto “wewe” mara mbili katika kipindi kimoja, nilijua kwamba yapasa nimwombe mwenzangu anipokee kipindi cha mwisho, nami nitampokea chake siku nyingine.

Kwa mwanachuo

Ndugu mwanachuo, utakapoanza kazi utasikia watu wakiusifu ualimu wa kujichosha. Watakuambia kwamba mshumaa huwaangaza wengine kwa kujiteketeza. Lakini tafakari: mshumaa ukikwisha, chumba hubaki gizani pamoja na wote waliomo. Tumefundishwa kupima somo kwa kuuliza kama lengo limefikiwa. Ongeza swali moja kila mwisho wa juma: ni watoto wangapi niliowaona kweli? Jibu likianza kupungua, usingoje mpaka upige rula kando ya sikio la mtu. Na likizo ikifika, usiende nayo ukiwa umebeba darasa zima mgongoni. Tafuta kazi ya mikono isiyo ya shule, tafuta wazee watakaokuambia ukweli, na umwombe mmoja wao akuwekee kiroba mahali pa juu.

Yule mtoto wa dirishani nilimpata katika wiki ya pili ya Julai, zamu yake ilipofika katika wale watano wa siku. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake kwa neno nililomwambia mbele yao. Kisha nikamwuliza kwa nini alikuwa akisinzia, nikaambiwa kwamba kila alfajiri humsaidia mama yake kuchoma vitumbua na kuvipeleka kituo cha mabasi kabla ya kuja shuleni. Miezi mitano jibu lile lilikuwa hatua tatu kutoka mezani kwangu, nami sikuwa na nguvu ya kuliuliza. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa ni mali yake. Lakini nalijua.